Mikokoteni Iliyonipa Kazi

Vijana wa afya ya jamii huja kwangu siku hizi kuniuliza mtu hufaulu vipi intavyu. Huwaambia habari za viatu safi, za kufika mapema, za kusoma tangazo la kazi mara tatu kabla ya kuandika barua. Siwaambii jinsi mimi mwenyewe nilivyofaulu. Mara mbili hivi nimeanza kusema, nikakohoa, nikaomba maji ya kunywa. Basi nitaliandika hapa, kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kozi ya cheti ya afya ya umma huko kwetu Magharibi, nikaja Nairobi na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, nikidhani jiji zima limekaa likiningoja mimi. Wee! Jiji halikuwa na habari nami. Nilifikia kwa dada yangu aliyekuwa akiishi Soweto, kule Kibera, yeye na mumewe na watoto watatu katika chumba kimoja, mimi nikilala nyuma ya pazia pamoja na watoto. Niliandika barua za maombi mpaka vidole vikafa ganzi. Majibu yaliyorudi yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalisema hapana, kwa adabu.

Ndipo nikaanza kujitolea katika kliniki ndogo ya kanisa pale Soweto. Mshahara haukuwepo, ila tulipewa daftari, kalamu na fulana iliyoandikwa mgongoni. Ile fulana niliivaa hata Jumapili, dada yangu akinicheka. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta watoto walioanza chanjo na hawakurudi kumalizia. Muuguzi alikuwa na sanduku la kadi. Kadi ikikaa muda mrefu bila kuguswa, tulipewa jina la mama na mahali anapoishi, tukaambiwa, nendeni mkamtafute.

Nendeni mkamtafute! Kusema ni rahisi. Watu wa Soweto walikuwa wakihama kila mwisho wa mwezi, huyu kwa sababu paa linavuja, yule amegombana na jirani, mwingine ana deni la kodi na ameona kwa landilodi ni afadhali asipite tena. Milango haikuwa na nambari. Unafika kwenye mlango ulioelezwa kwenye kadi, wa pili kutoka kwa fundi wa viatu, unakuta watu wengine kabisa wanakula githeri yao, wanakutazama kana kwamba umekuja kuwashtaki. "Huyo mama? Alihama." Alihamia wapi? "Sasa sisi tutajuaje?" Nilikuwa nikirudi kliniki na daftari lililojaa neno moja, amehama, amehama, amehama, ukurasa mzima. Na nilikuwa nimeridhika. Niliona nimefanya kazi, kwa kuwa nimetembea.

Kati yetu tuliojitolea alikuwepo mama mmoja wa makamo, Mjaluo, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya reli naye akageuka. Asubuhi aliuza uji pembeni mwa Soko la Toi, pale ambapo watu wa mkokoteni walikuwa wakingojea mizigo. Uji ukiisha alikosha sufuria, akavaa fulana ya kliniki juu ya rinda lake, akaingia mitaani. Hakujua kusoma wala kuandika. Kila alasiri alikuja kwangu nimjazie daftari, yeye akitaja, mimi nikiandika. Na katika daftari lake neno amehama halikuwepo. "Huyu yuko Gatwekera, nyuma ya kinyozi. Huyu alivuka, yuko Kawangware, ameolewa tena. Huyu alirudi nyumbani, lakini mtoto alidungwa huko, kadi nimeiona kwa dada yake." Mimi nilikuwa naandika huku nikiona wivu. Mtu mwenye cheti ni mimi, na anayewapata watoto ni yeye.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Mama, kwani wewe huwapata aje?"

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Yawa! Nyathina," akasema, maana aliniita mwanangu kwa lugha yao, "mtu akihama, anabeba kitanda na kichwa?"

"Hapana," nikasema.

"Si anaita mkokoteni? Na mwenye mkokoteni si anajua alishukisha wapi? Na mwenye mkokoteni asubuhi anakunywa uji wa nani?"

Haki nilijiona mjinga. Ilikuwa wazi hivyo. Kila asubuhi, akiwachotea uji, alikuwa akiwauliza mmoja mmoja, kama mtu anayepiga domo tu: wiki hii umehamisha nani? Alikuwa na kitanda cha namna gani? Mlipofika, mtoto alikuwa mgongoni ama anatembea? Nao walimwambia. Walimwambia yeye peke yake, kwa sababu wengi wa wale waliohama walikuwa wamehama kimyakimya, na mtu wa mkokoteni akijulikana anapayuka hapati mzigo tena. Wote walijua kwamba mama huyo hajawahi kumtajia landilodi hata mmoja. Miaka na miaka ya uji ndiyo iliyomnunulia imani hiyo.

Nilimwuliza pia ni nini kilichomfanya aanze. Alikuwa ameinama akisugua sufuria kwa mchanga, hakuinua kichwa. Mtoto wake wa mwisho alikufa kwa surua. Walikuwa wamehama, kliniki ya kwanza ilikuwa na kadi yake, ya pili haikumjua. "Hakuna mtu alikuja kunitafuta," akasema. Alilisema mara moja, akamwaga maji, tukaongea mengine.

Sasa, mume wa dada yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Ndiye aliyeniletea kipande cha gazeti: mradi wa afya kule Kawangware ulikuwa ukitafuta msimamizi wa wahudumu wa jamii. Mtu mwenye cheti kama changu. Mshahara wa kila mwezi. Niliomba bila matumaini, na baada ya wiki chache nikaitwa. Nyumba nzima iliruka. Dada yangu alipika kuku, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwetu katikati ya wiki.

Nilikuwa na walimu wawili wa kuniandaa. Wa kwanza alikuwa yule mama. Alinipeleka Toi kunichagulia koti la mitumba, akalipinda, akalinusa, akamwambia mwenye duka kwamba aliyekufa nalo alikuwa mchafu, mpaka jamaa akalitoa kwa bei ya kutaka tuondoke. Kisha akanifanyisha intavyu pale pale penye uji, sufuria zikiwa zimekwisha. Aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa, mwiko mkononi kama kalamu, watu wa mkokoteni wamezunguka.

"Wewe msichana! Kwa nini tukuandike?"

Nikaanza kujibu kwa Kiingereza. Hakuelewa hata neno, lakini alinitazama mikono, miguu, macho. "Simama wima. Wacha kushika pua. Hebu anza tena."

"Sista, ongea kama umekula!" mmoja akapiga kelele.

"Mwandikeni huyo, mimi nimechoka kungoja," mwingine akasema, na wote wakaangua kicheko, mimi pia.

"Na lazima uwaambie juu ya hawa vijana wangu," mama akasema, akiwaonyesha kwa mwiko. "Hiyo hawajasikia popote." Nikamwambia nitawaambia, na siku ile nilipofanya mazoezi, hivi ndivyo nilivyosema kwa Kiingereza changu cha kozi: katika kliniki yetu kuna mama mmoja ambaye aligundua hivi na hivi. Ningeyashika hayo maneno, leo nisingekuwa naandika haya.

Tulipokuwa tukienda zetu akanishika mkono. "Ukiingia huko, utanikumbuka? Nasikia wahudumu wao wanalipwa. Huu uji umenivunja mgongo, nyathina, na ile kazi ya watoto ndiyo ninaitaka."

"Mama, wewe utakuwa wa kwanza," nikasema. "Haki ya Mungu." Hata mkono niliuweka kifuani.

Mwalimu wa pili alikuwa shemeji. Yeye hajawahi kufanyiwa intavyu maishani, lakini kazini kwao alikuwa amewaona wengi wakiingia na kutoka, kwa hivyo alikuwa na maoni. Alinisikiliza nikifanya mazoezi nyumbani, nilipofika kwenye habari ya mikokoteni akainua kidole. "Hapo umeharibu. Unamsifu mtu mwingine. Sasa si watamwandika huyo mama? Na usiseme sisi, sisi, kila mara. Hakuna ofisi inaajiri sisi. Inaajiri mtu mmoja."

Mimi nikasema, "Lakini si mimi niliyefanya."

"Daftari lake ni nani anaandika?"

"Ni mimi."

"Basi," akasema shemeji, akarudi kwa chai yake.

Nilitembea kwa miguu mpaka Kawangware siku ile, viatu vya intavyu vikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, nikavivaa nilipokaribia. Ofisi ya mradi ilikuwa vyumba vitatu vya mawe katika ploti ya mzee mmoja wa pale pale, mwenye mashamba ya zamani yaliyogeuka kuwa nyumba za kupangisha. Huyo mzee ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa kamati ya wenyeji, kwa hivyo alikaa mezani. Kando yake alikaa mkuu wa mradi, daktari mzungu, mama mwenye nywele fupi za mvi, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa asante na pole pole.

Mwanzoni nilienda vizuri. Chanjo huhifadhiwa vipi, mtoto wa miezi tisa hudungwa nini, hayo nilikuwa nayo kichwani. Halafu yule mzee akajisogeza mbele. "Binti, hapa kwangu wapangaji huondoka bila hata kwaheri. Hao watoto wako utawatoa wapi?"

Daktari akatafsiriwa swali hilo, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu. Ilionekana hilo ndilo lililokuwa likiwanyima usingizi. Mradi wao wote ulikuwa unakwama hapo.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa tayari kusema, katika kliniki yetu kuna mama mmoja. Wallahi nilikuwa tayari. Lakini nilimwona daktari ameshika kalamu juu ya karatasi yenye jina langu, na nikamkumbuka shemeji na chai yake, na lile pazia ninalolala nyuma yake. Nikasema, mimi niligundua. Neno lilitoka laini, bila kukwama popote. Baada ya hilo mengine yalitiririka: mimi niliona kwamba anayehama hukodi mkokoteni, mimi nikaanza kuwauliza, mimi nikajenga imani yao. Kwa Kiingereza hata uji niliupa jina zuri, nikauita kikao cha asubuhi.

Daktari aliandika mpaka akageuza ukurasa. Kisha akauliza ni nini kilichonifanya nifikirie jambo hilo.

Hapo ningeweza kusema chochote. Ningesema niliwaza tu. Badala yake nilimtoa yule mtoto. Nikasema katika ploti yetu kulikuwa na mtoto aliyekufa kwa surua kwa sababu walihama, na hakuna mtu aliyekuja kumtafuta mama yake. Maneno yale yale, nimeyachukua kinywani mwa mwenyewe. Daktari akavua miwani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kidogo, kama mfiwa.

Yule mzee alicheka akasema basi na yeye atawatumia watu wa mkokoteni kuwatafuta wapangaji wake. Nikacheka naye. Sikukumbuka hata kidogo kwamba hiyo ilikuwa siri ya watu.

Njiani kurudi nilijiambia nitalirekebisha. Kwanza niingie, kisha nikishakaa sawa nitawaeleza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Nilipata kazi. Nilipokwenda kumwambia yule mama, alipiga vigelegele mpaka wauza mitumba wakatoka vibandani, akachotea uji kila aliyekuwepo. "Na uliwaambia juu ya vijana wangu?"

"Niliwaambia."

"Walisemaje?"

"Walifurahi sana."

"Ehe! Si nilikwambia!" Alikuwa anang'aa uso. Hakuniuliza nilisema ni kazi ya nani, kwa sababu halikumjia akilini kwamba kuna swali la namna hiyo. Nilikunywa uji wangu nikauunguza ulimi.

Nikahamia Kawangware. Wiki za kwanza nilijitia kufanya kama alivyofanya yeye, nikaenda na daftari langu kwa watu wa mkokoteni wa pale karibu na steji ya matatu. Walinitazama juu mpaka chini. "Sista, wewe ni wa kanjo?" wakauliza, wakidhani nimetumwa na baraza la jiji. Hakuna aliyeniambia kitu. Daktari alikuwa ananiuliza kila Ijumaa mambo yanaendeleaje, na mimi nikisema yanaenda, pole pole, naye akifurahi kusikia neno analolijua. Mwisho nikalazimika kumtumia yule mama ujumbe. Akaja, kwa miguu yake, siku ambayo hakupika uji. Alikaa na wale vijana kuanzia asubuhi, akajua huyu ni wa wapi, yule amefiwa na nani, akawagombeza kwa kula mandazi matupu kutwa. Kufikia saa nane walikuwa wanamwita mathe, kama mama yao. Alinishika mkono akaniweka mbele yao: "Huyu ni mtoto wangu. Akiuliza, mwambieni. Hapeleki maneno kwa mtu." Mwenzangu wa ofisini alipopita akauliza huyo mama ni nani, nikasema ni mtu ninayemfahamu kutoka Kibera.

Mambo yalianza kwenda. Watoto walipatikana. Daktari aliandika ripoti, jina langu likiwa ndani, na mwaka uliofuata akapata ruhusa ya kupanua mradi mpaka Soweto. Walitakiwa wahudumu sita wa kulipwa. Nilimpelekea mama habari mimi mwenyewe, mbio mbio. Nilisema moyoni, hapa ndipo nitalipa. Kulikuwa na sharti kwamba mhudumu ajue kusoma na kuandika, lakini nilijua daktari si mtu wa kushikilia sharti akiona mtu anafaa. Alikuwa ameshalisema hilo mara nyingi.

Siku ya kuwachagua, tulikaa katika ukumbi wa kanisa, daktari katikati, mimi kando yake kama msaidizi na mkalimani. Wanawake walikuwa kwenye mabenchi, wamevaa nguo za ibada. Yeye alikuwa amevaa rinda la samawati na kitambaa kipya kichwani. Alipoitwa alikaa mbele yetu, mikono juu ya mapaja. Hakunikonyeza wala hakutabasamu kama tunajuana. Aliiheshimu meza yangu.

"Mwulize, akitafuta mtoto aliyehama hufanyaje," daktari akaniambia.

Nikamwuliza. Akaeleza. Alieleza kwa mikono, akasukuma mkokoteni hewani, akaiga mwenye nyumba anayetafuta mpangaji na mwenye mkokoteni anayejifanya kiziwi, ukumbi mzima ukacheka. Nami nikatafsiri, na kadiri nilivyotafsiri ndivyo kalamu ya daktari ilivyozidi kupunguza mwendo, mpaka ikasimama.

"Lakini hii ni njia yako," akaniambia. "Ile uliyotueleza kwenye intavyu."

Kabla sijasema lolote akaendelea, kwa upole: "Mwulize aliitoa wapi. Kwangu ni jambo kubwa. Kama ni yeye aliyeibuni, kutojua kuandika si neno. Nitamtafutia mtu wa kumwandikia. Mtu wa aina hiyo simwachi."

Yule mama hakuelewa Kiingereza. Alikuwa akitutazama tu, mimi, kisha daktari, kisha mimi. Nami nikageuka kumwuliza, na hata swali lenyewe sikulitafsiri sawasawa. Sikumwuliza aliitoa wapi. Sikumwambia kilichokuwa mezani. Nilisema, "Anauliza, hii njia ya mikokoteni ulifundishwa na nani?"

Aliniangalia vizuri, kwa namna ya mtu anayesoma, yeye ambaye tulisema hajui kusoma. Nadhani alielewa yote hapo hapo: intavyu, koti, furaha ya wazungu, kila kitu. Nilingoja aniumbue mbele ya watu. Nilistahili.

"Mwambie ni huyu msichana," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Ndiye mwalimu wetu."

Daktari akanigeukia. "Anasemaje?"

Nilitazama karatasi. Ilikuwa na mistari ya samawati, na nilikuwa nimeanza kuikwaruza kwa ukucha.

"Anasema ni mimi niliyemfundisha," nikasema.

"Ah," daktari akasema, akanipapasa bega. Akaandika kitu kifupi kando ya jina la mama, akamshukuru, asante, asante, akaita mwingine. Mama akainuka, akashika ukingo wa rinda lake, akatoka nje.

Orodha ya wale sita niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Jina lake halikuwemo. Kesho yake asubuhi nikaenda Toi. Watu wa mkokoteni walikuwa wameshaondoka na mizigo yao, yeye alikuwa anafunika sufuria.

"Sikupita," akasema, kabla sijaketi.

"Hukupita, mama. Ni mambo ya kuandika tu. Walitaka mtu wa kuandika." Hata hapo, unaona, hata hapo niliendelea kudanganya.

Akanichotea uji uliobaki, akanipa. Sikuweza kuunywa, nikaushika tu.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Jana, lile neno nilisema mwishoni. Ulimwambia yule mzungu?"

"Nilimwambia."

"Vile nilisema?"

"Vile vile."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, anitupie mwiko, anitukane kwa Kijaluo watu wakusanyike.

"Sikudhani utamwambia," akasema. "Mtu hawezi kujitaja mwenyewe mbele ya wageni. Unamtaja mwenzako, naye anasema, hapana, ni huyu hapa. Si ndivyo tunafanya? Nilikupatia ndio unirudishie." Akakunja kitambaa cha kushikia sufuria. "Nilikaa hapo nje kwa ngazi ya kanisa mpaka mkaingia kwa gari. Nilikuwa nangoja uniite nirudi ndani."

Nilimwambia sikujua. Nilimwambia hata kwetu sisi hatufanyi hivyo, nilielewa vibaya, anisamehe, nikaanza kulia kama mtoto, naye akanifuta uso kwa leso yake na kuniambia yaishe, nisichelewe kazini.

Lakini kwetu tunafanya hivyo hivyo. Mama yangu alinilea hivyo hivyo, harusini, matangani, kanisani, usijitaje, mtaje mwenzako, naye atakutaja. Pale mezani, aliponionyesha kwa kidevu, nilijua vizuri kabisa kwamba zamu ya kusema ilikuwa yangu.